Nyumba ya Sultani Iliyobebwa kwa Sinia

Hapo zamani, katika mji wa Mwangoni, alitawala Sultani Badawi, ambaye alipenda kujenga kuliko alivyopenda kueleza. Siku moja alichukua karatasi na wino, akachora nyumba kwa mkono wake mwenyewe: kuta, mnara, mnazi kando, na katika dirisha la juu akajichora yeye anacheka. Akapendezwa nayo mno, akaamuru ijengwe.

Basi fundi wa kwanza akajenga kwa kukisia, Sultani akasema ndogo, akamfunga. Wa pili akajenga, Sultani akasema kubwa, akamfunga. Wa tatu, Fundi Shee, hakuweka hata jiwe moja. Aliuliza tu, "Bwana, ukuta huu urefu wake kiasi gani? Na mlango utakaa upande gani?"

Sultani akakasirika. "Picha unaiona, unauliza nini?" Naye akafungwa.

Fundi Shee alikuwa na shemeji yake, jina lake Mshamu, kibarua wa kukanyaga chokaa, asiye na shamba wala kanzu ya pili. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa neno alilishika kama lilivyosemwa; aliwahi kuambiwa aangalie chungu cha wali, akakiangalia mpaka wali ukaungua. Mshamu alipomwona dada yake Mwanaesha hali wala halali kwa ajili ya mumewe, moyo ulimuuma. Akafunga shuka yake vizuri, akaenda barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu, nyumba nitaijenga mimi."

Wazee wakatazamana. Sultani akampa karatasi. "Jenga kama ilivyo humu. Ukizidisha au ukipunguza, kichwa chako halali yangu. Wala usiniulize neno."

"Hewala, Bwana. Kama ilivyo humu." Na pale pale, mbele ya kadhi na wazee, akaipima karatasi kwa shubiri, akainama, akaenda zake.

Ikawa anajenga uani kwa dada yake. Mwanaesha alipotoka kuanua nguo akaona kinachojengwa, kanga ikamponyoka mkononi.

"Kaka, utakatwa kichwa! Na mume wangu hatatoka tena!"

"Nimeambiwa kama ilivyo, dada," akasema Mshamu, akaendelea kulainisha ukuta kwa kidole gumba. Lakini mnara ukatoka umepinda kidogo, ikabidi auvunje aanze tena.

Siku ya kuiona nyumba, Sultani aliwaalika wakubwa wa mji, ikapikwa halua, wakaketi barazani kungoja kupelekwa. Mshamu akaja peke yake na sinia kichwani limefunikwa kitambaa. Akalitua, akafunua.

Palikuwa na nyumba ya mawe na chokaa, imepakwa nyeupe, urefu wake shubiri mbili. Mnara upo, mnazi upo, na dirishani Sultani wa udongo anacheka. Kadhi akashikwa na kikohozi.

"Ewe mpumbavu!" akapaza sauti Sultani. "Nani atakaa humu?"

"Bwana wangu, umo tayari. Na umefurahi."

"Mlango uko wapi?"

"Haukuchorwa, Bwana. Nikaona labda ukishaingia huna haja ya kutoka. Na kuuliza nilikatazwa."

Sultani akasimama, mishipa imemtoka shingoni. "Mimi nataka nyumba ya dhiraa arubaini! Mlango uelekee msikitini, wapite watu wawili bila kugusana! Ukumbi upate upepo wa kusi! Ngazi ziwe ndani, mvua isininyeshee! Na choo kiwe mbali na jiko, nani asiyejua hayo?"

Mshamu akamgeukia kadhi. "Shekhe, umesikia?"

"Nimesikia yote," akasema kadhi.

"Basi hayo ndiyo aliyoyauliza Fundi Shee, Bwana wangu, naye yuko gerezani kwa kuyauliza. Mafundi wote watatu walikuwa wakiyangoja."

Mgawa halua akasimama na sahani mkononi. Sultani akamtazama Mshamu, kisha akainama akajitazama mwenyewe mle dirishani, anacheka bila mlango. Akajizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka hata kilemba kikalegea.

"Wafungueni mafundi," akasema. "Na Fundi Shee aje na maswali yake yote."

Basi mafundi wakafunguliwa, na jioni ile Mwanaesha akampakulia mumewe chakula kwa mikono miwili. Nyumba ikajengwa, Sultani akaingia kwa mlango na kutoka kwa mlango. Akamwita Mshamu, akamwambia ataje zawadi aitakayo.

"Bwana wangu, nami nataka nyumba."

Sultani akafungua kinywa aseme, "Utajengewa," akakifumba. Akavuta kiti karibu, akataka wino.

"Keti hapa," akasema. "Mlango tuutie wapi?"