Mwiku wa Mwantumu

"Kilicholala huamshwa, hakizikwi," alisema Bi Sikujua, na mkono wake haukusita. Alichota upawa wa rojo, akaumimina kwenye kikaango, akakizungusha taratibu mpaka rojo likatanda jembamba hadi ukingoni.

Mjukuu wake Nasra alikuwa ameuliza swali ambalo yeyote angeuliza. Mgeni alitarajiwa kesho adhuhuri. Sasa ilikuwa leo alasiri, na bibi alikwisha kupika chapati za maji arobaini na mbili, na bado alikuwa akiendelea.

"Lakini bibi, zitalala."

"Zitalala, ndiyo."

"Halafu mgeni apewe mwiku?"

Hemedi, kaka yake Nasra, aliyekuja likizo kutoka chuoni, alicheka. "Mimi methali ninayoijua ni aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hiyo yako bibi, umeitunga sasa hivi ili usiamke kesho alfajiri kupika."

"Hiyo yako ni ya watu wenye hasira," Bi Sikujua alisema. "Hii ni ya chapati, ingawa mwishowe iliwafikia na watu. Nasra, punguza moto, chapati isiungue nikiongea. Ilianza jikoni, siku ya Jumamosi yenye mvua, na aliyeianzisha hakujua kwamba anaanzisha methali."

Akaigeuza chapati, akaanza kusimulia.

Katika mashamba ya mkonge ya upande wa Korogwe aliishi mwanamke aliyeolewa miezi minne tu, jina lake Mwantumu. Mumewe, Sefu, alikuwa fundi wa mitambo pale shambani, na nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Waliishi vizuri. Ila kulikuwa na jambo moja lililomkereketa Mwantumu kama mchanga kwenye wali.

Siku ya harusi, mama yake Sefu alikuwa mgonjwa kwao Handeni, hakuweza kuja. Alipopelekewa habari kwamba mwanawe ameoa, alijibu neno moja tu: "Nimesikia." Na kwa watu wa ukoo ule, mke hakuhesabiwa kuwa mkamwana mpaka mama mkwe ale chakula kilichopikwa kwa mkono wake. Kabla ya hapo alikuwa mgeni. Ndugu za Sefu waliofika kusalimia walimwita hivyo bila kuficha. "Mgeni wa Sefu, maji ya kunywa yako wapi?" Mwantumu aliwapa maji, akatabasamu, akaenda uani kukaa peke yake kidogo.

Basi ikaletwa habari kwamba mama, Bi Mkasi, amepona na atafika Jumamosi adhuhuri pamoja na binti yake.

"Nimpikie nini?" Mwantumu alimuuliza mumewe.

"Mama? Chapati za maji. Ukimwekea chapati za maji na pilau, pilau litapoa."

Mwantumu alitoa unga wote wa ngano uliokuwamo ndani, asibakize hata wa kufunika kiganja. Akaukoroga kwa tui jepesi, akaonja chumvi mara tatu. Tangu asubuhi ya Jumamosi ile alikaa mbele ya jiko, na ilipofika saa sita alikuwa na chapati sitini, zimepangwa ndani ya ungo, laini kama shavu la mtoto. Akazifunika kwa kawa, akaoga, akavaa, akaketi kungoja.

Mvua ilinyesha. Saa nane ikapita, na saa tisa. Saa kumi dereva wa lori la mkonge alisimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Mama Sefu yuko mjini Korogwe," alisema. "Mto umejaa, basi limezuiwa ng'ambo, lori langu lilikuwa la mwisho kuvuka. Anasema wao watalala huko leo, watafika kesho."

Dereva alipoondoka, Sefu alifunua kawa, akazitazama zile chapati, akaguna.

"Unaguna nini?"

"Mama hali mwiku. Tangu tukiwa watoto, chakula kikilala kwetu hakimfikii mtu. Alikuwa na msemo wake: kwangu mwiku ni mwiko. Ukimpa mgeni mwiku, kwake umemtukana."

"Kwa nini?"

"Hatukuwahi kumuuliza."

"Duka linafunguliwa lini?"

"Jumatatu."

Sefu alilirudisha kawa juu ya ungo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi kesho ukiulizwa, sema umezipika asubuhi hiyohiyo."

Mwantumu hakutaka kugombana naye, maana aliona kwamba ushauri ule ulitoka kwenye mapenzi. Lakini alijiuliza moyoni: kama tonge la kwanza ambalo mama huyu atalila mkononi mwangu litakuwa na uongo ndani yake, nitakuwa nimepokewa mimi, au utakuwa umepokewa uongo?

Jumapili alfajiri alifunua kawa. Kingo zilikuwa zimekauka. Alipoikunja moja, ilipasuka katikati.

Mwantumu hakuwa mtu wa kulia haraka. Alikaa kitako, akaziweka pembeni chapati tano za majaribio, akasema nazo pole pole. Ya kwanza aliikaanga kwa samli. Ikawa ngumu kama gome. Ya pili aliiweka juu ya mvuke wa sufuria. Ikalainika, lakini ikanuka unga mbichi. Ya tatu aliikatakata nyembamba kama tambi, akaitia kwenye tui la nazi linalotokota. Ikavurugika, ikawa uji.

Jirani yake, Mama Shekigenda, alichungulia dirishani.

"Mwenzangu, unaongea na chapati?"

"Naziamsha."

"He! Na zinakuitikia?"

"Tatu zimekataa."

Mama Shekigenda alicheka mpaka akashika dirisha. "Mimi ningewapa kuku zamani," alisema. Lakini alikwenda kwake, akarudi na mayai manane na nazi mbili kubwa, akavipitisha vyote dirishani. "Ziamshe basi. Wakiamka wote, niite nije niwasalimie."

Ya nne Mwantumu aliikata vilevile kama tambi. Safari hii alichemsha tui zito pamoja na sukari na hiliki, kisha akaliepua. Liliponyamaza kutokota, ndipo alipovitia vipande. Akafunika, akahesabu hadi mia mbili. Alipofunua, vipande vilikuwa vimelinywa tui, vimenyanyuka, vimejaa, kila kimoja kimesimama peke yake. Akaonja. Akaonja tena. Akafumba macho.

Ya tano aliijaribu kwa nyama aliyokuwa amewawekea wageni. Aliikata vipande viwili, akaweka nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa vitunguu na bizari katikati, akamwagia yai lililopigwa, akafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko na mengine chini. Ikashikana kama mkate.

Basi akajua njia. Chapati ishirini alizikata tambi kwa ajili ya tui. Ishirini na tano alizipanga tabaka kwa tabaka kwenye sufuria iliyopakwa samli, nyama, chapati, nyama, chapati, na mayai juu yake yapenye hadi chini. Zilizobaki alizikunja na nazi iliyokunwa na sukari ndani, akazipasha juu ya kikaango kikavu mpaka zikabadilika rangi.

Saa saba wageni wakafika, wamechoka, nguo zao zina tope hadi magotini. Bi Mkasi alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, asiyesema sana. Binti yake alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mdomo wake mwepesi kuliko miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuongeza neno. Mwantumu aliwapa maji ya moto waoge, akawapa khanga safi, akawatandikia mkeka, akawanawisha mikono. Kisha akaleta sinia.

Harufu ya hiliki ilijaa chumbani. Bi Mkasi alinyoosha mkono. Lakini binti yake alimtangulia, akainua kipande kimoja kutoka kwenye tui, akakiangalia kwenye mwanga wa mlango.

"Wifi," alisema, "hizi umezipika saa ngapi?"

Mkono wa Bi Mkasi ulisimama hewani.

Sefu alikohoa. "Amezipika le..."

"Nilizipika jana, mama," Mwantumu alisema. Hakumtazama wifi yake, alimtazama mama mkwe. "Nilizipika kwa ajili yako, na unga ukaisha wote. Mlipochelewa zikalala. Leo asubuhi nimeziamsha. Sina nyingine."

Nje, jogoo wa Mama Shekigenda aliwika kana kwamba naye ameulizwa.

"Nimeziamsha," wifi alirudia, akacheka. "Mama, umesikia? Siku hizi mwiku umepata jina jipya. Kwa mgeni wa Sefu, makombo hayatupwi, yanabembelezwa. Tungojee basi na sahani ziamke."

"Makombo ni yaliyobaki mdomoni mwa mtu," Mwantumu alisema polepole. "Hizi hazijaguswa na mtu. Zilikuwa zinakungojeni."

Bi Mkasi aliuteremsha mkono wake. Sefu akadhani ameukunja asile, akainamisha kichwa. Lakini mama alikuwa amemgeukia binti yake.

"Jana tulilala wapi?"

"Korogwe, mama. Si unajua?"

"Juu ya nini?"

"Benchi. La stendi."

"Tumefika hapa tumekauka kingo, tunanuka tope. Mwanamke huyu alitufanyaje? Alisema hawa wamelala, watupwe?"

Msichana alikiweka kile kipande kwenye ukingo wa sinia.

"Alitupasha moto," Bi Mkasi alijijibu mwenyewe. "Sasa niache nile."

Akachukua tambi kwa ncha za vidole, akala. Akatafuna taratibu mno. Akachukua tena. Kisha akakata kipande cha ule mkate wa nyama, akala hicho pia, na watu watatu wakimtazama koo. Alipomaliza alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Nikalelewa na mke wa mjomba. Mle ndani, chakula cha leo kilikuwa cha watoto wake. Changu kilikuwa cha jana, kimewekwa nyuma ya mlango, baridi, wakati mwingine kina majivu. Nilipopata nyumba yangu niliapa: mwiku ni mwiko. Miaka yote hii nilidhani nimechukia kwamba chakula kile kilikuwa kimelala." Akajifuta mdomo kwa upande wa khanga. "Kumbe sikuchukia hilo. Nilichukia kwamba hakuna aliyejisumbua kukiamsha."

Mwantumu alimsogezea sinia karibu.

"Kilicholala huamshwa, hakizikwi," Bi Mkasi alisema, kama mtu anayejaribu sauti ya neno geni. Akasukuma sahani yake mbele. "Mkamwanangu, niongeze. Na zile zilizokunjwa, zina nini ndani?"

Sefu alitoka nje. Alisema anakwenda kuangalia kuni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kuni zinavyohitaji kuangaliwa, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, ila jiko halikuwa na moshi.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Mwantumu mgeni wa Sefu. Bi Mkasi alikaa wiki mbili badala ya siku mbili, akajifunza kuhesabu hadi mia mbili kabla ya kufunua sufuria. Na aliporudi Handeni aliichukua ile methali pamoja naye. Aliwaambia majirani waliokuwa hawasemezani, aliwaambia vijana waliofeli mtihani wakakata tamaa, alijiambia mwenyewe alipougua tena. Ikatembea.

Bi Sikujua aliipua chapati ya mwisho. Rojo lilikuwa limekwisha, na upawa ulikwaruza chini ya bakuli.

"Na yule wifi?" Nasra aliuliza. "Mchokozi yule. Alikula?"

"Sahani tatu."

"Bibi, umejuaje kama zilikuwa tatu?" alisema Hemedi.

"Nilikuwa na njaa," Bi Sikujua alisema. "Benchi la stendi haligawi chakula."

Wajukuu wote wawili walimgeukia. Yeye alikuwa akikung'uta unga kwenye khanga yake, uso umetulia.

"Mama yangu aliniita Sikujua siku niliyozaliwa. Siku ile, kwa wifi yangu, jina lilinienea vizuri. Nilimwomba radhi jioni yake, akanipa sufuria niioshe. Tumekuwa marafiki tangu hapo, na mengine yote niliyowaambia, ya chapati tano na ya moyo wake, amenisimulia mwenyewe."

Nasra alizitazama chapati ndani ya ungo. "Kwa hiyo mgeni wa kesho..."

"Ndiye Mwantumu. Mwaka juzi nilimpikia za asubuhi hiyohiyo, za moto kabisa. Alionja moja, akaniuliza, 'Wifi, kuna nini? Umenikasirikia?'"

Hemedi alicheka mpaka akaketi chini.

"Haya, yatosha kwa leo," Bi Sikujua alisema. "Nazi zile zisivunjwe. Nyama isiguswe. Hiliki itatwangwa asubuhi."

Nasra alinyoosha mkono kwenye chapati ya juu, iliyokuwa bado inatoa mvuke. "Hii moja tu, bibi."

"Hiyo moja. Nyingine ziache zilale."

Nasra aliimega katikati, akampa kaka yake nusu. Kisha akalichukua kawa, akazifunika chapati kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Kilicholala huamshwa," alisema, akilibonyeza kawa likae sawa.

"Hakizikwi," Hemedi alimalizia, mdomo umejaa.