Mwenye Kibodi Ndiye Karani

Ushirika wa kahawa ulinunua kishikwambi kimoja na kompyuta mpakato moja, vitumike mashambani. Bwana Mwakilasa, meneja aliyelijua shamba kwa kusimuliwa, akaivamia mpakato.

"Mkubwa huchagua kwanza," alisema.

Tusekile, bibi shamba aliyeshinda mibunini kutwa, hakubisha. "Hongera, bosi. Sasa muhtasari wa mikutano utauandika wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Si unajua desturi yetu? Mwenye kibodi ndiye karani."

Meneja akaisukuma mpakato kama kaa la moto. "Chukua wewe! Mimi na kuchapachapa, wapi na wapi?" Akakikumbatia kishikwambi, kioo kitupu.

Siku ya mkutano, mwenyekiti wa ushirika akauliza, "Nani ana kibodi atuandikie muhtasari?"

Meneja akamnyooshea Tusekile kidole huku akicheka. Tusekile akakivuta kioo cha mpakato, kikachomoka kizima mkononi, kama kilivyoundwa. Kibodi akaitumbukiza mkobani.

"Sina, mwenyekiti. Mimi na bosi sote tuna vishikwambi."

Kidole cha meneja kilikuwa bado kinaning'inia hewani.

"Basi andika wewe, meneja," akasema mwenyekiti. "Kidole umeshakitoa."