Cherehani Tatu za Bi Stumai

Isome yote, kisha mtumie jirani yako, hata yule mliyenuniana.

Bi Stumai alikuwa mjane aliyeshona sare za shule nyumbani kwake. Alishona na binti zake wawili, kwa cherehani tatu za kukanyaga kwa miguu. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Jirani yake, Bwana Kihwelo, mstaafu asiyeishiwa malalamiko, akamshtaki kwenye halmashauri ya mji. Halmashauri ikafungua sheria zake ndogo: eneo la makazi haliruhusiwi kuwa na karakana. Bi Stumai akaamriwa afunge kazi. Akaenda mahakamani kupinga.

"Zile mashine hazinipi usingizi, Mheshimiwa," Kihwelo alilalama. "Nyumba nzima inatetemeka!"

Mwanasheria wa halmashauri akadakia, "Sheria imekataza karakana. Hapo hakuna mjadala."

Hakimu, mama mpole wa sura lakini asiyechezewa, akamuuliza, "Imeitaja karakana pamoja na nini?"

"Gereji, mashine za kusaga na uchomeleaji wa vyuma."

"Na ilitungwa ili iweje?"

"Wakazi wasikerwe na kelele na moshi, Mheshimiwa."

"Basi kesho tutaisikilizia kesi hii sebuleni kwa Bwana Kihwelo."

Kesho yake wakajibana kwenye makochi ya Kihwelo, kando ya ukuta unaoelekea chumba cha kushonea cha Bi Stumai. Karani wa mahakama aliingia wa mwisho. Hakimu akauliza habari za moshi, vumbi, magari ya wateja. Bi Stumai alijibu yote. Alingoja ile dakika binti zake watakapoambiwa waanze kushona, Kihwelo aruke kitini na kusema, "Mnaona sasa!"

Mke wa Kihwelo akaleta chai. Ikanywewa, ikaisha. Kihwelo akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, mbona huwaamuru waanze kushona, ujisikilizie mwenyewe?"

Hakimu akamtazama karani.

"Niliwaambia waanze kabla sijaingia humu," karani alisema. "Hawajapumzika hata kidogo."

Karani akafungua dirisha. Hapo ndipo sauti ya cherehani ilipowafikia, kwa mbali. Kihwelo akainamisha macho kwenye zulia lake.

"Sheria hii ililetwa kulinda utulivu wa wakazi," hakimu alisema, "na utulivu upo. Sioni hapa kitu cha kufananisha na gereji. Bi Stumai, endelea kushona. Lakini siku ukileta mashine za kunguruma, sheria hii hii itakukuta."

Bi Stumai akashusha pumzi ndefu, machozi ya furaha yakamtoka. Akakimbilia nyumbani kama msichana. Binti yake mkubwa akamlaki kwa kununa.

"Mama, miguu inatuwaka moto! Hiyo kesi inaanza saa ngapi?"

"Imekwisha, wanangu," akasema, akiwakumbatia wote wawili. "Ninyi ndio mliokuwa mashahidi."

Funzo: Sheria husomwa pamoja na sababu iliyoifanya itungwe, na kabla hujamshtaki jirani, hakikisha kinachokunyima usingizi ni kelele zake, si roho yako.