Siku Asiyoitarajia

Tajiri Shebe alitaka kumtoa Bi Mwanakombo, msuka mikeka, katika nyumba aliyompangisha. Akaapa mbele ya majirani: "Wiki hii nitakutoa, siku usiyoitarajia kabisa."

"Na nikiitarajia?"

Shebe akacheka. "Basi nyumba nakupa!"

Jumatano asubuhi akafika na wapagazi wanne. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kizingitini, vyombo vyake vyote vimefungwa.

"Karibu, Bwana Shebe. Nilikutarajia leo."

"Mwongo! Nani kakwambia?"

Majirani wakamtetea: alfajiri aliwaaga, wakalia naye. Jana pia aliwaaga, na juzi pia.

"Mtu hatarajii kila siku!" Shebe akafoka.

"Basi nitajie siku ambayo sikuitarajia."

Wapagazi wakamsaidia bibi kurudisha vyombo ndani.