Rafiki wa Mwanatumu

Sogeeni, wanangu, mnisikie. Mwanatumu, binti wa miaka kumi na mitatu, alipata rafiki wa kuchati naye simuni, aliyejiita Salma. Siku ya kwanza Salma aliomba jina la shule, akapewa. Siku ya pili aliomba picha, akapewa. Hapo sura ya Mwanatumu ikatoweka kwenye kioo cha kujitazamia. Siku ya tatu Salma aliandika: "Njoo kwenye gofu la nyumba nyuma ya shule. Usimwambie mama."

Mwanatumu akamwambia mama.

"Umefanya vyema, mwanangu," mama akasema, akaita majirani wakaenda wote.

Gofuni hapakuwa na msichana. Palikuwa na viatu vya watoto, na simu iliyokuwa ikiandika yenyewe: "Hujambo, rafiki mpya? Uko peke yako?"

Mama akaiponda kwa jiwe. Sura ikarudi kiooni. Vile viatu havijapata wenyewe hadi leo.