Fimbo ya Fundi Mselem

Mpiga aliyeshusha hujibiwa na asiyekuwepo. Ndivyo alivyowaambia Mzee Shapi pale uwanjani, sivyo? Badi kamkanyaga mwenzake filimbi imeshalia, mpira umeshasimama, na sasa mmekuja wote kuniuliza maneno yale yametoka wapi. Usinitazame hivyo, Badi. Kaa. Shika ungo huo uchambue mchele huku unasikiliza. Na msidhani ni maneno ya kutishia watoto. Methali hii ina kwao, na kwao ni papa hapa Tundani. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, mama yangu akiwa mwari, mji huu ulikuwa na fundi wa kirumbizi aitwaye Mselem. Kirumbizi nyinyi mnakijua kwa kukiona harusini tu: vijana wawili wanagongana fimbo mbele ya zumari, watu wanacheka, mambo yamekwisha. Enzi zile haukuwa mchezo wa kuchekea. Mtu alijifunza kupiga na kukinga kwa miaka, na Fundi Mselem hakuwapo wa kumgusa. Alikuwa mfupi, mpole, hana makuu. Lakini kwa jambo moja hakuwa na masihara, nalo ni kushusha. Mchezaji akitosheka, huteremsha ncha ya fimbo yake mpaka iguse mchanga, na mwenzake naye hushusha. Basi, mchezo umekwisha. Aliyeshusha hapigwi. Mwanafunzi hakupewa fimbo mpaka awe amelijua hilo.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote ni Famau. Famau alifiwa na mama yake angali mchanga, na mke wa fundi, Bi Mwanashee, akamnyonyesha pamoja na bintiye. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa nyumba ile, anamwita fundi baba na kula chungu kimoja nao. Kijana mwepesi wa mkono, ila mwenye kujiona. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine wamekaa hapa wanachambua mchele.

Idi moja fundi aliingia kiwanjani na Famau mbele ya mji mzima. Walicheza mpaka wapiga ngoma wakalowa jasho. Kisha fundi, bila kuguswa, akashusha fimbo yake. Sasa sikilizeni. Fundi kutangulia kumshushia mwanafunzi maana yake ni moja tu: nimekuridhia, umekuwa fundi mwenzangu. Mselem hakuwa amemfanyia hivyo mtu yeyote. Wazee walielewa, wakaanza kuinuka kwenda kumpongeza kijana. Lakini Famau alikuwa amelewa vigelegele. Alidhani mzee amechoka, akaona asipomgusa leo hatamgusa tena maishani. Akampiga kifundoni mwa mkono.

Ngoma zilikatika. Fundi aliiokota fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akamtazama, akasema, "Kesho uje nyumbani, mwanangu."

Famau hakwenda. Aibu ilimshika, akahama mji, akaenda kukaa kwa wajomba zake bara, akilima ufuta. Kila mwaka alisema mwaka huu nitakwenda nikamtake radhi, na kila mwaka aliuogopa uso ule. Mkono wa fundi haukupona sawasawa. Hata kikombe cha kahawa alikishika kinatetemeka. Wala hakumsema Famau hata siku moja. Mwisho homa ikamchukua, na habari zilimfikia Famau maiti imeshazikwa. Mtu kufa na kinyongo chako ni jambo zito. Famau alifunga safari akilia njia nzima, maana radhi aliyoiahirisha hakujua sasa ataipata kwa nani.

Alifika siku ya hitima. Desturi ya wacheza kirumbizi ilikuwa kumuaga fundi wao siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, mbele ya nyumba yake. Hakuna ngoma wala zumari. Mkeka wake hutandikwa, fimbo yake hulazwa juu yake, na mbele ya mkeka mchanga hufagiliwa, ikaachwa nafasi ya mtu mmoja isiyokanyagwa. Kila mwanafunzi huja, hupiga pigo moja hewani pale ambapo fundi angesimama, hushusha fimbo, husema "Niwie radhi," kisha huondoka. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuipenda desturi hiyo, alisema haina msingi. Lakini siku hiyo alikuwepo, amesimama mbele kabisa, na aliyoyaona aliyasimulia mpaka anakufa. Mama yangu yeye alikuwa ndani pamoja na wanawake.

Wanafunzi walipita mmoja mmoja. Famau akawa wa mwisho. Hakuna aliyemsalimu, wala hakuna aliyemzuia, kwa kuwa msibani mtu hafukuzwi. Jua lilikuwa bado kali, upepo umetulia, na hata kuku waliokuwa wakiparura uani walikuwa wamenyamaza. Famau aliinua fimbo, akapiga pale patupu.

Ta! Mti uligonga mti.

Fimbo yake ilisimama hewani, kama iliyokingwa. Famau alitupa jicho mkekani. Fimbo ya fundi ilikuwa imelala palepale ilipolazwa. Akataka kushusha yake, ikagongwa ikarudi juu. Akarudi nyuma hatua, akajaribu tena, ta, ikarudishwa tena. Ikawa sasa anakinga, kushoto, kulia, juu, na kila akikinga mlio unasikika, na mbele yake hakuna mtu. Watu waliangalia mchanga uliofagiliwa. Haukuwa na unyayo.

Ndani, Bi Mwanashee alikuwa amekaa eda. Aliposikia ile milio aliacha kuvuta tasbihi. Kila mchezaji ana mwendo wake wa kugonga, na mwendo ule alikuwa ameusikia uani kwake tangu aolewe. Akawaambia wanawake, "Huyo ni Mselem." Mama yangu aliyasikia hayo kwa masikio yake. Hata uzeeni, akisimulia na kufika hapa, alijikunyata kwenye kanga zake, na mimi nilimwona kwa macho yangu.

Bi Mwanashee alisogea dirishani. "Famau," aliita. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka kushusha, mama." Alikinga kushoto. "Baba hataki kushusha."

"Atashushaje? Mara ya mwisho alipokushushia, ulimfanya nini?"

Fimbo ziligongana tena na tena.

"Nimekuja kutaka radhi, mama," akasema mwishowe, huku anahema.

"Umekuja na fimbo, na unakinga. Radhi haiombwi huku mtu anakinga. Itupe."

"Nikiitupa atanipiga."

"Huenda," Bi Mwanashee alisema. "Wewe ulimpiga."

Famau akaitupa. Mwalimu wa chuo alisema alimwona akifumba macho, akaunyosha mkono wake wa kulia mbele, kifundo kikiwa juu, akangoja. Kiwanja kizima kilingoja naye. Wengine waligeuza nyuso, hawakutaka kuona mfupa unavyovunjika.

Kisha kikasikika kishindo kidogo sana, kama kidole kinapotoboa unga. Famau alifumbua macho. Kwenye mchanga uliofagiliwa, mbele ya miguu yake, palikuwa na kitundu kimoja, upana wa ncha ya fimbo.

Fundi alikuwa ameshusha. Alitangulia yeye tena, kama siku ile ya Idi.

Famau alianguka palepale akalia kilio ambacho Tundani haikuwahi kumsikia mwanamume akikilia. Badi unataka kuuliza kama alipigwa. Hakupigwa, mjukuu wangu. Laiti angepigwa. Angepata kovu, akasema tumelipana, yamekwisha. Yeye alisamehewa na mtu ambaye yeye Famau hawezi tena kumbusu mkono, wala kumshikia kikombe chake cha kahawa.

Hakuondoka tena mjini. Alimtunza Bi Mwanashee mpaka alipomzika, na akawafunza watoto kirumbizi. Kabla hajawapa fimbo aliwafunza kushusha, na kila mara aliwaambia maneno haya mliyoyasikia leo. Watoto walidhani anawatisha kwa pigo la mzimu. Yeye aliyasema huku ameushika mkono wake wa kulia, mzima, usio na alama yoyote.

Sasa weka ungo chini, Badi. Yule uliyemkanyaga yuko nyumba ya jirani, mama yake anamkanda mguu kwa maji ya moto. Yupo. Ukibisha hodi ataitika yeye mwenyewe, akutukane ukipata bahati. Nenda, na usiende na maneno ya kujitetea. Mpiga aliyeshusha hujibiwa na asiyekuwepo.