Kwa Nini Anayetwikwa Kwanza Hurudi Chemchemini

Zamani, chemchemi ilipokuwa moja na nyumba za Mbaheni zikiwa zote juu ya mlima, wanawake walitwikana maji kwa utaratibu tofauti na wa leo. Mtungi uliojaa hauinuliwi na mtu mmoja hadi kichwani. Sharti awepo wa pili wa kuushika naye, kuuweka juu ya ngata na kuuachia taratibu. Kuutua ni jambo jepesi, kwa kuwa nyumbani hapakosi wa kuupokea. Basi aliyefika kwanza alitwikwa na wa pili, wa pili akatwikwa na wa tatu, na kila aliyetwikwa akashika njia ya mlimani. Utaratibu huo ulionekana wa haki na hakuna aliyeulalamikia, ingawa kila asubuhi mtu mmoja alibaki chini peke yake.

Mtu huyo alikuwa Nakijwa. Mumewe alitoka na ng'ombe alfajiri, naye akabaki na mtoto mchanga pamoja na mama mkwe aliyelazwa na homa. Hakuweza kutoka kabla ya kuwahudumia wote wawili. Alipofika chemchemini alimkuta mwenzake mmoja akimngoja, akamtwika, kisha akaujaza mtungi wake nusu, maana nusu ndiyo aliyoweza kuiinua mwenyewe. Homa ilipozidi, mganga aliagiza mgonjwa anyweshwe na kukandwa maji mchana kutwa, la sivyo asingefika mwisho wa kiangazi. Nusu ya mtungi haikutosha, na safari ya pili isingewezekana.

Ndipo siku moja alipoujaza mpaka shingoni. Alipiga goti, akaupandisha pajani, na kutoka pajani akajaribu kuufikisha begani. Mkono mmoja uliteleza. Mtungi ulipasukia kwenye mawe, maji yakarudi yalikotoka, na Nakijwa akapanda mlima na kibuyu kidogo alichokuwa akitekea.

Kesho yake alimwomba mumewe akae na mgonjwa, akamfunga mtoto mgongoni na kuteremka mapema, kwa kuwa kibuyu kingehitaji safari nyingi. Aliwakuta wenzake wameanza kukusanyika. Mbonea, dada wa mumewe, alikitazama kibuyu na hakuweza kunyamaza.

"Wifi, hicho unawatekea kuku?"

"Kuku wangu hawanywi sana, wifi."

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaeleza jinsi mtungi ulivyovunjika na kwa nini alikuwa ameujaza. Kicheko kikakatika. Mbonea akainamia mtungi wake na kuusugua mahali palipokwisha takata.

Kwa kuwa hakuwa na mtungi wa kutwikwa, Nakijwa alimtwika Mama Nambua, mtu mzima aliyekuwa wa kwanza siku zote kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu kuliko zote. Akamtwika wa pili, akaendelea hivyo hadi wa mwisho. Siku hiyo hakuna aliyepanda na nusu. Alibaki yeye tu, ameinama na kibuyu chake, aliposikia miguu ikiteremka.

Alikuwa Mama Nambua. Kichwani hakuwa na kitu. Mtungi mwingine, mtupu, alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Jaza," akasema.

"Mama, huu ni wako."

"Jaza mpaka shingoni. Tangu niolewe hapa nasema kila mtu anamtwika mwenzake. Leo nimetua mzigo mlangoni, nikajiuliza mimi namtwika nani. Simtwiki mtu. Mimi wa kwanza sina ninayemtwika, na wewe wa mwisho huna wa kukutwika. Hesabu ndogo namna hii, mwanangu, imetushinda watu wazima?"

Nakijwa akajaza. Wakauinua pamoja, na uzito wote ulipotua juu ya ngata, alisimama kitambo kabla ya kupiga hatua, kwa kuwa shingo yake ilikuwa imesahau mtungi uliojaa. Mama Nambua alimfuata nyuma hadi mlangoni, na kila asubuhi iliyofuata akarudi kumtwika. Mgonjwa alikunywa, akakandwa, akanywa tena. Kabla ya kiangazi kwisha aliomba uji, kisha akalalamika kwamba hauna chumvi.

Mtoto alipokua, Nakijwa aliweza kuwahi. Asubuhi ya kwanza alipotwikwa kabla ya wengine, alipanda mlima, akautua mtungi mlangoni bila kuingia ndani, akageuka kurudi. Hakuna aliyemwagiza. Wengine walipomwona, nao wakafanya hivyo zamu yao ilipofika.

Na tangu siku hiyo, Mbaheni anayetwikwa kwanza ndiye arudiye kumtwika wa mwisho, na wanaokutana naye njiani humpisha, hata wakiwa na mizigo. Mgeni akimwona akiteremka bila mtungi wala ndoo, akamuuliza anafuata nini majini mikono mitupu, hujibiwa kwa maneno machache tu: "Kuna mtu bado yuko chini."